Dada Yangu, Dobi na Mtahini wa Chuo Kikuu

Mwaka ule walipobadilisha sare za polisi ndipo chuo kikuu kilipompa dada yangu kazi ya kutahini. Hapana, nimekosea. Sare zilibadilishwa mwaka uliotangulia. Nakumbuka kwa sababu dada alizifua zile za kwanza zikachuja, na askari mmoja akatembea na soksi za samawati mwezi mzima. Mwaka ninaousema mimi ni ule uliofuata, mwaka wa mvua isiyojua kuaga. Basi tuanzie hapo, na nikipotea tena mnivumilie, maana shule niliishia darasa la nne, mwalimu wetu alipougua nami sikurudi kumjulia hali.

Dada yangu ni dobi. Ni mdogo wangu kwa kuzaliwa na mkubwa wangu kwa mambo mengine yote. Mimi nimekuwa utingo wa lori, nimepaka nyumba rangi, nimepika kwenye meli ya ziwani, nimelinda ghala ambalo halikuwa na kitu ndani. Kila kazi niliiacha kabla haijaniacha. Yeye tangu ujana wake amesimama mahali pamoja, mbele ya meza iliyovishwa blanketi na shuka nyeupe, pasi mkononi. Mumewe alitangulia mbele ya haki, watoto wake wana nyumba zao mbali, mimi nakaa chumba cha nyuma. Chumba cha mbele ni cha nguo. Kamba zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, mabeseni yamepandana kama mabakuli ya mpishi, kopo la wanga liko dirishani, na kando yake boksi la nyuzi za rangi. Kila mteja ana uzi wake, dada anaushona ndani ya ukosi, na hajawahi kumpa mtu shati la mwenzake.

Mtaani wanamwita Mama Haina Neno. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kulisema. Ukimwaga chai kwenye shuka aliyomaliza kuipiga pasi, atasema haina neno. Ukichelewa kufuata nguo mpaka umesahau kama zilikuwa zako, haina neno. Kuna fundi cherehani alimshonea gauni mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mimi nilitaka kwenda kumshika huyo fundi shati. Dada akalivaa, akajitazama, akasema, "Haina neno, kaka. Huu mrefu nitashikia vitu vya moto." Na fundi alipopita kuuliza, akamwambia gauni limemkaa vizuri mno.

Hivyo ndivyo alivyo. Hajawahi kumwambia mtu kitu chake ni kibaya. Sisi kwetu tulilelewa hivyo, mtu akikuletea kitu unashukuru kwanza, na ubaya wake utaujua mwenyewe ukiwa umefunga mlango. Tofauti ni kwamba mimi malezi hayo yalinitoka njiani, kwenye lori.

Sasa miaka ile redio ilikuwa haikohoi bila kutaja ubunifu. Asubuhi ubunifu, mchana ubunifu, kabla ya matangazo ya vifo ubunifu. Taifa linahitaji wavumbuzi, vijana wasikae kungoja kuajiriwa, vyuo vifundishe ujasiriamali. Ilifika mahali nikaona haya kuchemsha chai kwa njia ile ile ya jana.

Chuo kikuu kiko ng'ambo ya barabara kuu, na mashati ya wahadhiri wake wengi hupita mikononi mwa dada. Nacho kikaitikia redio. Kila mwanafunzi, awe anasomea mitambo au mifupa ya watu, ilibidi asome ujasiriamali. Aliyepewa kulifundisha somo hilo ni kijana mwembamba ambaye sote tulimwita Mwalimu tu, mteja wa uzi wa zambarau. Huyu zamani alikuwa na duka la juisi, likafa changa, na hakuficha.

"Ningefanikiwa," aliniambia siku moja akingoja suruali yake, "saa hizi nisingekuwa nafundisha biashara. Ningekuwa naifanya."

"Lilikufa kwa nini?"

"Rafiki zangu wote walionja wakasema tamu."

"Kumbe haikuwa tamu?"

"Mzee, si nimekwambia walikuwa rafiki zangu?"

Kwa hiyo somo lake lilikuwa na mtindo wake. Hapakuwa na mtihani wa kukaa na kalamu. Wanafunzi waligawanywa makundi, na kila kundi likatafute mtu mwenye shida ya kweli, limtengenezee kitu, kitu kikae kwake muhula mzima akikitumia. Mwisho wa muhula mtu huyo anaitwa ukumbini, anakalishwa kiti cha mbele, anaulizwa mbele ya watu wote kinafaa au hakifai. Mwalimu hatii neno lake hapo. Maprofesa hawatii neno lao. Mteja ndiye mtahini.

Siku moja ya jua hafifu hodi ikapigwa, akaingia msichana aliyevaa koti la karakana, na mfukoni mwa koti koleo. Sijawahi kumwona bila koleo lile. Alifungulia chupa, alivutia misumari, na siku moja nilimkuta anajikunia mgongo. Nikamwita Koleo, jina likamganda. Kwa kuwa alimwita dada yangu mama tangu siku ile ya kwanza, mimi nikawa mjomba bila kuombwa.

"Mama, nimetumwa kutafuta mtu mwenye shida," alisema pale mlangoni.

"Shida? Hapa hakuna, mwanangu. Karibu ukae."

"Hata moja?"

"Hata moja. Utakunywa chai?"

Nikashindwa kunyamaza. "Muulize mvua ikinyesha anaanika wapi."

Dada akanikata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na ni kweli, dobi halali njaa kwa kukosa nguo chafu, hulala njaa kwa kukosa jua. Mvua ikishika, nguo zinaning'inia ndani siku baada ya siku, zinaingia uvundo, zinafuliwa tena, zinaning'inia tena. Koleo akavuta stuli akakaa, akauliza maswali mpaka chai ikapoa. Kabla ya kuondoka alishatuchorea kwenye karatasi ya mkate kabati la kukaushia nguo.

Tukamzoea. Alikuja na wenzake wawili wa kundi lake, lakini hao walikuwa wa kupita. Koleo alikuwa wa kukaa. Alituambia alichokuwa anakitafuta, wala hakukisema kwa mafumbo. Kundi litakaloshinda lingepelekwa maonyesho ya ubunifu ya taifa, na kiongozi wake angepewa chumba mwaka mzima kwenye kituo ambamo chuo kinalea biashara changa. Wanafunzi wenyewe walikiita Kiota. Chumba chenye umeme, meza nzito, mashine ya kukatia bati, na mlango unaofungwa kwa ufunguo wako.

"Kwetu tuko wengi na meza ni moja," alisema. "Kila nikianza kitu naambiwa toa takataka zako, tunataka kula. Sijawahi kumaliza kitu mahali kilipoanzia, Mama. Nikikipata kile chumba, nitakimaliza hata kama ni kibaya."

Dada alimtazama vile anavyotazama nguo ya mtoto mchanga. Nikajua pale pale kwamba kabati hilo, liwe lilivyo, limeshasifiwa.

Likaja juu ya mkokoteni, refu kuliko mimi, mbao nje, bati ndani, limepakwa rangi ya kijani. Chini lilikuwa na nyaya za kupasha moto na feni, mlangoni kidirisha cha kioo. Koleo akaliwasha. Likanguruma kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba, nasi tukangoja hotuba. Hotuba haikuja. Mashati yalitoka ya moto na mabichi, kama watoto waliotolewa kuogeshwa. Yakirudishwa, yanatoka ya moto zaidi na mabichi vile vile. Ila siku ile ya kwanza Koleo alikuwa ameshaondoka kuwahi kipindi, hakuyaona.

Ijumaa akaja mbio. "Vipi, Mama? Yamekauka?"

"Yamekauka, mwanangu."

"Yote?"

"Yote. Tazama."

Na kweli yalikuwa yamekauka, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Koleo akayapapasa, akaruka kama mtoto. Hakuuliza yamekaukia wapi. Nani angeuliza?

Jirani yetu ni mwokaji wa mikate. Tanuri lake limeupa mgongo ua wetu, na kati ya ukuta wa tanuri na ukuta wetu kuna uchochoro mwembamba wenye paa la bati. Ukuta ule una joto usiku na mchana. Dada akiona nguo zimetoka kabatini mbichi, anazitia beseni, anazungukia uchochoroni, anazianika hapo, anazianua zimekauka. Mimi mwanzoni nilikuwa namwona akipita na beseni nikadhani ni za ziada, zilizokosa nafasi. Kumbe zilikuwa zote.

Basi kila Ijumaa, yamekauka, Mama? Yamekauka. Kabati halikupi tabu? Haina neno kabisa, hata rangi yake inapendeza. Habari ikaenea. Madobi wa mtaa wa nyuma na wale wa karibu na stendi wakaja kuchungulia kwenye kile kidirisha, na Koleo akawaahidi kwamba akishapata chumba Kiota, wao ndio watakuwa wa kwanza kutengenezewa. Walishukuru. Mmoja alianza kabisa kusogeza kitanda chake kupima pa kuliweka.

Aliyekuja kuharibu mambo ni shati la Mwalimu. Wanafunzi wa mstari wa mbele walianza kunung'unika kwamba somo la ujasiriamali linawatia njaa. Mwalimu akadhani wanataka mapumziko. Kumbe kila alipopita kati ya madawati aliacha nyuma yake harufu ya mkate uliotoka motoni sasa hivi. Koleo alikuwa anakaa mbele. Akanusa mara moja, akanusa ya pili, akafunga daftari, na kipindi kilipoisha akaja na mvua yake kichwani, hata hodi hakupiga.

Akafungua kabati. Ndani mlikuwa na kofia yangu, sweta langu, na vitunguu vya dada, maana palikuwa na joto zuri la kutunzia vitu. Akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akatoka kwa mlango wa uani akiifuata pua yake, nami nikamfuata yeye.

Dada alikuwa juu ya stuli uchochoroni, mikono kambani, mdomo umejaa vibanio vya nguo.

"Mama."

Akavitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayenunua muda kwa rejareja. "Karibu, mwanangu. Umelowa."

"Haya mashati yanafanya nini hapa?"

"Yanapumzika."

Mwokaji akatoa kichwa kwenye kidirisha chake, unga mpaka kwenye nyusi. "Yanapumzika tangu mvua ilipoanza! Mimi wateja wananiuliza kwa nini mkate wangu unanukia sabuni!"

"Nani kakuuliza wewe?" dada akasema.

"Hakuna. Nachangia."

Koleo hakucheka. "Kabati halikaushi?"

Dada akateremka kwenye stuli. "Linajitahidi."

"Muhula mzima umenidanganya, Mama?"

"Sijakudanganya. Nimekuheshimu. Unakuja hapa vidole vimechanika kwa bati, macho mekundu, una furaha kama bibi harusi. Nikwambie nini? Mtu akikuletea kitu unashukuru."

"Na wale madobi wengine? Nikishawatengenezea, nao washukuru? Nao wakaanike kwenye ukuta wa nani?"

Dada akaanza kuvirudisha vibanio kambani, kimoja kimoja. Koleo akakaa juu ya gunia la unga, akalia kidogo, kilio kile cha mtu anayefikiri huku analia. Mtihani ulikuwa wiki ile ile, na sheria ya Mwalimu ilijulikana: kinachotahiniwa ni kile kilichokaa kwa mteja, hakuna kurekebisha dakika za mwisho.

"Siku ya mtihani useme kweli," alisema mwishowe.

"Utakosa chumba."

"Nitakosa."

"Si unakitaka?"

"Nakitaka, Mama. Lakini nikikipata kwa hili, nitajifungia mle ndani nitengeneze nini? Makabati ya kutunzia vitunguu?"

Dada akasema atajaribu. Na hapo ndipo tulipogundua kwamba kujaribu si kuweza. Jioni tulikusanyika kwenye duka la mikate tumfundishe. Mwokaji alileta mkate ulioungua mpaka ukawa kama wa kuchongwa kwenye mkaa, akauweka mbele yake.

"Haya, Mama Haina Neno. Huu mkate vipi?"

Dada akaugeuza, akaugonga kwa kucha. "Umeiva."

"Umeungua!"

"Umeiva sana."

"Mama," Koleo akasema, "jaribu kingine. Mjomba anaimba vizuri?"

Dada akanitazama kwa huruma. "Anaimba kwa bidii."

"Ala!" nikasema.

"Kaka, bidii si kitu kidogo."

Mwokaji akajifuta mikono kwenye aproni, akajiweka sawa, akatia sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha wote, maana naye ni mjane wa siku nyingi. "Haya, tuache mikate. Mimi hapa. Kwa mume, ningefaa?"

"Hapana," dada akasema, papo hapo, bila kupepesa.

Tulicheka mpaka mteja mmoja akaingia kuuliza kama kuna usalama. Mwokaji alikuwa anacheka kuliko wote, kisha akaenda ndani kutazama tanuri ambalo halikuhitaji kutazamwa, akakaa huko kidogo. "Kumbe anaweza!" Koleo akapiga makofi. "Mama, siku hiyo ukikaa kwenye kiti, fikiria kabati ni huyu jirani."

Ukumbi wa chuo una viti vya kukunja ambavyo vinakubana usipojua kukaa, na mimi sikujua. Mbele palikuwa na meza ya wakubwa, na katikati yao mtu wa wizara inayoshughulikia ubunifu, suti ya kijivu, uso mwema. Kundi la kwanza lilikuwa limetengeneza kitu cha kwenye simu cha kumtafutia mtu kinyozi aliye karibu. Kinyozi wao akakaa kwenye kiti, akasema kinafaa, siku hizi watu wanakuja hata asiowajua baba zao. Makofi. Kisha likasukumwa kabati la kijani, na dada yangu akaitwa.

Alikuwa amevaa gauni lile la mikono miwili tofauti. Akakaa, akalaza mikono mapajani. Koleo alisimama kando ya kabati, koleo mkononi, analibana na kuliachia.

"Mama, hili umelitumia muhula wote?" Mwalimu akauliza.

"Nimelitumia."

"Linafaa?"

Dada akamtazama Koleo. Akalitazama kabati. "Ni kabati zuri," akasema, na pale nilipokaa nikaona Koleo anafumba macho. "Rangi imekaa vizuri. Mlango unafunga. Na huyu mtoto ana adabu, akija kwangu anasalimia mpaka paka."

"Asante, Mama. Linafaa?"

Dada akaukunja ule mkono mrefu wa gauni, akaukunjua.

"Halikaushi," dada akasema.

Kijana mmoja nyuma akacheka. Dada akageuka na kiti chake chote. "Usicheke wewe. Yeye ameshika bati mpaka amechanika vidole. Wewe umeshika nini?" Kisha akarudi kwa Mwalimu, na ikawa kama mfereji uliozibuliwa. Nguo zinatoka na uvundo. Kwa umeme ni lafi. Linanguruma mpaka kaka yangu anaota lori lake limemfuata. Mlango unafungukia upande wa meza ya pasi, ukiufungua lazima uombe radhi. "Nilificha kwa sababu nampenda," akasema. "Nilikuwa nakausha kwa jirani. Sasa nimesema, na bado nampenda. Naweza kuondoka?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa wizara akainamisha kichwa akiandika. Koleo alikuwa amesimama wima kabisa, machozi yanashuka, na mdomo wake, wallahi, ulikuwa unatabasamu.

Chumba cha Kiota wakapewa wale wa vinyozi, na maonyesho ya taifa wakaenda wao. Koleo alipasi somo, si kwa alama za kupigiwa vigelegele. Nje ya ukumbi Mwalimu alimshika dada mikono yote miwili.

"Mama, laiti ungekuwepo siku zile za duka langu la juisi."

"Ningesema tamu," dada akamjibu.

Wiki zikapita Koleo hajaonekana. Dada alikuwa anapiga pasi huku anatazama mlango, na siku moja alimuunguzia mteja kola, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikafikiri, ndiyo hivyo, ukweli umetugharimu mtoto. Kumbe alikuwa na mitihani mingine. Jumamosi moja ya mawingu akaja, akatusalimia sote na paka, akapita moja kwa moja uchochoroni, akaweka kiganja ukutani. Akakaa hivyo muda mrefu, kama daktari.

"Mjomba, huu ukuta uko hivi siku zote?"

"Tangu niujue."

"Una joto hivi kwa nini?"

Mwokaji akajibu kwa kidirisha. "Fundi aliishiwa matofali, akaishiwa na haya. Akajenga upande huo mwembamba akidhani sitaona. Kuni zangu nyingi zinawapasha moto nyinyi."

"Na huwa hulizimi?"

"Nikilizima mtakula nini asubuhi?"

Koleo akatoa koleo lake. Siku ile ile alianza kulivunja kabati la kijani, lililokuwa limerudishwa kwetu. Feni akaichukua, bati akalichukua, mbao akazikata. Uchochoro akauziba huku na huku kwa milango, akatoboa chini hewa iingie, na juu akapitisha bomba kupitia paa, feni ikivuta unyevu kuutoa nje. Hivi ninavyosimulia inaonekana kazi ya siku moja. Ilikuwa ya miezi. Mara ya kwanza masizi yaliangukia shuka za nyumba ya wageni zikawa na madoa kama chui.

"Vipi, Mama?" Koleo akauliza.

"Mbaya," dada akasema. "Mbaya mno. Zitazame."

Na Koleo akacheka kwa furaha, akapanda juu ya bati kufungua bomba. Wakawa wanakwenda hivyo. Kinavuja. Mlango unakwama. Huku kunakauka, kule hakukauki. Mimi nilikuwa nakaa na chai yangu nawasikiliza wanavyosemana, nikaona nyumba imechangamka kuliko wakati wowote nilioishi humo. Mvua iliyofuata, nguo zilizoanikwa asubuhi zilikauka kabla ya jioni, bila uvundo na bila harufu ya mkate, maana hewa ilikuwa inatoka. Mwokaji alilalamika kwamba amepoteza tangazo la bure. Siku hizi dobi wa stendi ana siku zake humo, na upande wa pili wa mji kuna mwokaji mwingine na dobi mwingine ambao Koleo amewajengea chao. Dada anamfulia mwokaji aproni zake, na baada ya kumwambia hapana ile moja, wanaongea vizuri zaidi kuliko zamani. Sijui inavyokwenda hiyo.

Chumba cha Kiota Koleo alikipata mwaka uliofuata, wale wa vinyozi walipogombana na kutawanyika. Ana ufunguo wake. Humo anakata bati na mabomba, na hakuna anayemwambia toa, tunataka kula.

Mwaka huo huo Mwalimu alimwandikisha kwenye maonyesho ya taifa, na hapo nikaenda na mimi, nimevaa shati la marehemu shemeji. Tangazo lilisema kila mbunifu alete kifaa chake akiweke mezani. Meza zilikuwa zimepangwa safi, kila moja na kitambaa. Sasa uchochoro unauwekaje mezani? Koleo alipeleka picha alizozibandika kwenye ubao, na shati moja lililokauka. Tukapewa pembe ya karibu na vyoo. Watu walidhani tunauza shati. Wawili waliuliza kama lipo la saizi kubwa. Yule mtu wa wizara, mwenye uso mwema, akafika na wenzake.

"Kifaa kiko wapi?"

"Kiko nyumbani kinakausha," Koleo akasema.

"Mbona hamkukileta?"

"Ni ukuta, mheshimiwa."

Akacheka, akampa mkono kwa heshima, akasogea meza ya jirani kulikokuwa na kitu chenye taa nyingi. Koleo hakuona ubaya. Alikuwa ameshaanza kuongea na mwokaji wa mji mwingine aliyepotea njia ya chooni. Mimi ndiye niliyekaliwa na neno. Nikamfuata yule bwana, nikamgusa kiwiko, nikamuuliza. Akafungua mdomo, wakamwita kwenda kupigwa picha. "Nakuja, mzee," akasema, nikamngoja mpaka vitambaa vikakunjwa. Nikamuuliza Mwalimu, akajikuna kichwa akasema ni swali zuri. Nikamuuliza dada, akaniambia kaka, shika hii shuka upande huo tukunje. Mpaka leo nalitembeza swali langu lile lile, wala silitembezi kwa ubaya: kitu kisichobebeka kwenda maonyesho, taifa linakijuaje?